Bunduki Imepatikana, Lakini ni ya Nani?

Haupiti muda mrefu kabla ya kusikia taarifa ya polisi kutoka Kaskazini Mashariki ikisomwa kwa maneno yaleyale: bunduki imepatikana. Pengine ni karibu na Liboi, pengine ni katika vichaka vya Fafi, pengine ni viungani mwa kambi za wakimbizi za Dadaab. Hutajwa aina ya bunduki, hutajwa idadi ya risasi, na pakiwa na picha, silaha huwa imelazwa juu ya meza huku maafisa wamesimama nyuma yake. Habari hukomea hapo. Msomaji hukunja gazeti akiamini kwamba kazi imekwisha. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini naamini kuwa kazi ndiyo kwanza imeanza, na kwamba swali lisiloulizwa, yaani bunduki hiyo ni ya nani, lina uzito mkubwa kwa maisha ya watu wa Garissa kuliko picha ile ya mezani.

Mimi ni mwalimu wa isimu na riziki yangu ni kuchunguza maneno. Basi na tuanze na neno lenyewe. Kitenzi "patikana" kimebeba kiambishi cha kutendeka, na kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anajua kwamba kauli hiyo haimhitaji mtenda. Chungu kimevunjika, hatuambiwi aliyekivunja. Maji yamemwagika, hatuambiwi aliyeyamwaga. Vivyo hivyo bunduki imepatikana, kana kwamba iliota chini ya mgunga baada ya mvua za Aprili. Lugha imetupunguzia kazi ya kuuliza. Lakini bunduki haioti. Ilitengenezwa katika kiwanda fulani, ikauzwa kwa serikali au kwa mfanyabiashara fulani, ikaandikwa katika daftari fulani, na mahali fulani katika safari yake ikatoka mikononi mwa mtu aliyeruhusiwa kuwa nayo na kuingia mikononi mwa mtu asiyeruhusiwa. Mahali hapo ndipo penye kisa. Aliyeishika mwisho tunamjua kwa kuwa amekamatwa au amekimbia. Aliyeiachilia kwanza hatumjui.

Mfugaji wa Garissa hahitaji somo refu juu ya jambo hili. Tangu kale, jamii za Wasomali zimewapiga ngamia wao chapa ya moto ambayo huonyesha ukoo wa mwenye mnyama. Ngamia aliyepotea akionekana kisimani miongoni mwa mifugo ya wageni, wazee hutazama chapa kwanza. Chapa ndiyo itakayosema mnyama ni wa nani, na ndiyo itakayoamua kama aliye naye ni mwizi, ni mnunuzi, au ni msamaria aliyemhifadhi tu. Ni utaratibu wa haki kwa sababu unaanza na kitu kabla ya kumrukia mtu. Ajabu ni kwamba dola yenye maafisa, maabara na mahakama mara nyingi huonekana kufuata njia iliyo kinyume: humtazama mtu kwanza, ukoo wake na kitambulisho chake, kisha ndipo, kama nafasi ipo, hutazama kitu.

Bunduki nayo ina chapa zake. Iliyo muhimu zaidi ni nambari ya usajili inayogongwa kwenye chuma chake kiwandani. Nambari hiyo ni jina la bunduki, lakini kama yalivyo majina ya watu, jina moja peke yake halitoshi. Mwalimu akiita Abdi katika darasa la Garissa, watainuka watano. Bunduki za jamii ya AK-47 zimetengenezwa katika nchi nyingi, na nambari zinaweza kufanana baina ya kiwanda na kiwanda. Kwa hiyo mtaalamu husoma na alama nyingine: pembetatu yenye mshale ndani yake humwelekeza kwenye kiwanda cha Izhevsk nchini Urusi, pembetatu yenye tarakimu 66 humwelekeza Uchina. Husoma aina, kipenyo cha mtutu na alama za nchi iliyoingiza silaha hiyo. Hata ganda la risasi lina maandishi kwenye kitako chake, na yale yaliyotoka katika kiwanda chetu cha Eldoret yana herufi KOFC. Mwenye kujua kusoma haya anaweza kusema mengi juu ya bunduki ambayo mwingine ataiita tu "AK-47 kuukuu".

Wahalifu wanalijua hilo na ndiyo maana hukwangua nambari kwa tupa. Hata hivyo, chuma kina kumbukumbu. Nambari inapogongwa, chuma kilicho chini ya tarakimu hubanwa na kubadilika kwa kina kuliko jicho linavyoona. Mtaalamu akipaka kemikali za aina ya asidi mahali palipokwanguliwa, sehemu iliyobanwa huliwa kwa kiasi tofauti na sehemu nyingine, na mara nyingi tarakimu hujitokeza tena. Aidha, kila mtutu huacha mikwaruzo yake kwenye risasi, na kila pini ya kufyatulia huacha alama yake kwenye ganda, kiasi kwamba maganda yaliyookotwa mahali pa mauaji huweza kulinganishwa na bunduki iliyopatikana miezi mingi baadaye. Kazi hii hufanywa na wataalamu wa Idara ya Upelelezi wa Jinai. Ni kazi ya kusoma, na kusoma hakuna maana pasipo kitabu cha kulinganishia. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa bunduki, wanaopotea ni watu.

Sasa tuulize: bunduki iliyopatikana Dadaab yaweza kuwa ya nani? Naona majibu matatu.

La kwanza, yaweza kuwa ya raia mwenye cheti. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inamfunga mtu na bunduki yake: cheti hutolewa kwa mtu fulani kwa silaha fulani, na mwenyewe ana wajibu wa kuripoti mara moja inapopotea au kuibwa. Ikipatikana, polisi huilinganisha na daftari la leseni na kumjulisha. Lakini harudishiwi siku hiyohiyo, kwa kuwa bunduki hiyo sasa ni kizibiti. Kifungu cha 121 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinaruhusu kitu kilichotwaliwa kihifadhiwe hadi kesi iishe, na hata zaidi kukiwa na rufani. Vifungu vya 177 na 178 ndivyo vinavyoipa mahakama uwezo wa kuamuru mali irudi kwa anayestahili. Fauka ya hayo, mwenye mali ni lazima awe bado ana cheti halali siku ya kuichukua. Kama muda wa cheti umekwisha, ama mwenyewe amefariki, warithi hawawezi kuibeba kama wanavyobeba saa ya marehemu. Mali ni yao, lakini ruhusa ya kuishika si yao.

La pili, yaweza kuwa ya serikali yenyewe: ya polisi, ya jeshi, au ya polisi wa akiba. Kikosi hiki cha akiba kilianzishwa mwaka wa 1948, na leo kinatambuliwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka wa 2011. Katika maeneo makavu ambako kituo cha polisi kiko mbali, askari wa akiba ndiye serikali ya kijijini. Kwa miaka mingi amefanya kazi hiyo bila mshahara, akiwa na bunduki ya umma na risasi za kuhesabiwa. Bunduki yake ikichukuliwa na wavamizi, kijiji kimebaki uchi. Ikipatikana kisha ikakaa ghalani kwa sababu hakuna aliyelinganisha nambari yake na daftari la kituo ilikotoka, kijiji kitaendelea kubaki uchi huku kinga yake imefungwa kwa kufuli mjini. Hapo kurejesha bunduki si suala la karatasi. Ni suala la usalama wa watoto wanaolala katika kijiji hicho.

La tatu, yaweza kuwa imevuka mpaka bila karatasi yoyote. Siad Barre alipoangushwa Januari 1991, maghala ya silaha ya Somalia yaliporwa, na wimbi la watu waliokimbia vita ndilo lililozaa kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizokusudiwa watu 90,000. Kufikia mwaka wa 2011 zilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliwekea Somalia vikwazo vya silaha Januari 1992, na vikwazo hivyo dhidi ya serikali ya nchi hiyo havikuondolewa kabisa hadi Desemba 2023. Katika muda huo wote silaha ziliendelea kuzunguka.

Kuna watakaosema kwamba jibu hili la tatu linaua swali langu. Watauliza: bunduki iliyotoka Somalia utamrudishia nani? Pingamizi hili lina nguvu na halifai kupuuzwa. Lakini linasahau mambo mawili. Kwanza, huwezi kujua kwamba bunduki imetoka Somalia kabla ya kuisoma. Kusema "imetoka ng'ambo" bila kutazama nambari ni kukisia, na kukisia huku kuna faida kwa yule aliyeivujisha kutoka ghala la hapa nchini. Al-Shabaab walipovamia kambi ya jeshi letu huko El Adde Januari 2016, waliteka silaha za Kenya. Kwa hiyo bunduki ivukayo mpaka kuja kwetu yaweza kuwa ni yetu inayorudi nyumbani kwa njia mbaya. Pili, kufuatilia bunduki hakukusudii kumrudishia mtu tu. Kunakusudia kujua tundu liko wapi ili lizibwe. Umoja wa Mataifa ulipitisha Desemba 2005 utaratibu wa kimataifa unaoziwezesha nchi kuulizana: bunduki hii yenye alama hizi mliitengeneza ninyi? Mlimuuzia nani? Kenya nayo ilikuwa mwenyeji wa Azimio la Nairobi la Machi 2000 na Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo inazitaka nchi wanachama zipige chapa silaha zao na kutunza kumbukumbu. Shirika la RECSA linalosimamia itifaki hiyo lina makao yake hapa hapa Nairobi. Hatukosi mkataba.

Wala tusidhani kwamba utajiri peke yake huleta utaratibu. Marekani ina kituo cha kufuatilia bunduki katika mji wa Martinsburg, West Virginia, lakini sheria za huko zinakataza serikali kuu kuwa na daftari moja la wamiliki linaloweza kupekuliwa kwa kompyuta. Maafisa hulazimika kuanza na kiwanda, wakaenda kwa muuzaji wa jumla, wakaenda kwa mwenye duka, mara nyingi wakipekua karatasi, mpaka wamfikie mnunuzi wa kwanza. Sisi sheria yetu haitufungi hivyo. Kila bunduki ya raia inapaswa kuwa na cheti na kila bunduki ya umma inapaswa kuwa na daftari. Tukishindwa, hatutakuwa tumeshindwa na sheria.

Nimesema kwamba hapa wanaopotea ni watu. Sasa ni wajibu wangu kuthibitisha.

Neno "shifta" lilitujia kutoka lugha za Ethiopia likiwa na maana ya jambazi. Vita vya miaka ya 1960 katika iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini vilipopewa jina hilo, neno lilipanuka maana. Lilianza kwa mwenye bunduki, likaenda kwa aliyeshukiwa kuwa nayo, likaishia kwa kila aliyefanana naye. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 haikuondolewa kisheria hadi mwaka wa 1991. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi. Februari 1984, katika Wilaya ya Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Msomaji mchanga pengine hajui sababu iliyotolewa. Operesheni ile ilikusudiwa kuwafanya watoe bunduki. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake Mei 2013, ilikubali kwamba idadi ya waliouawa yamkini ilikaribia elfu moja.

Tazama utaratibu wa fikra uliokuwapo. Bunduki haikuulizwa jina. Watu ndio walioulizwa, na si mmoja mmoja, bali kwa ukoo. Pale ambapo chuma hakikusomwa, nasaba za watu zilisomwa badala yake.

Msomaji asidhani haya ni ya zamani tu. Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi karibu na Mandera, wakiwamo walimu wengi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, walio wengi wakiwa wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hao walikuwa wenzetu na watoto wetu, na hakuna hoja yoyote katika makala haya inayopunguza ukubwa wa uovu ule. Lakini siku chache baadaye serikali ililitaka shirika la UNHCR liondoe kambi za Dadaab katika muda wa miezi mitatu, na Mei 2016 ikatangaza tena kwamba itazifunga. Mamia ya maelfu ya watu, wengi wao watoto waliozaliwa humo, wakawa washukiwa kwa mkupuo mmoja. Februari 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo, ikiona kwamba kuwalenga wakimbizi wa Kisomali kama kundi ni ubaguzi na ni kinyume cha Katiba. Swali la kisayansi ambalo lingeweza kutusaidia, yaani silaha zilizotumika zilipita mikono ya nani hatua kwa hatua, halikupata nafasi katika mjadala wa hadhara. Lililopata nafasi ni swali la watu hawa ni akina nani.

Tunayo methali isemayo samaki mmoja akioza wote wameoza. Ni methali nzuri sokoni. Mahakamani haifai, kwa kuwa mtu si samaki na kambi si kapu. Wazee wa pwani walikuwa na methali nyingine, kali na yenye jina la dharau kwa majirani zao Waoromo: Mgala muue na haki yake umpe. Jina lile tuliache, lakini hoja iliyomo tuitunze. Hata katika uhasama, haki ya mtu ina mahali pake.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na yote yanawezekana bila mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, kila tangazo la bunduki iliyopatikana lifuatwe, baada ya muda uliowekwa, na tangazo la pili: imesomwa, na ni ya kundi gani kati ya yale matatu. Nambari yenyewe si lazima itangazwe wala upelelezi usiharibiwe. Umma uambiwe tu kama ni ya raia, ya serikali, au ya ng'ambo.

Pili, mahakama na polisi watumie picha na ripoti za wataalamu kila inapowezekana ili bunduki za umma, hasa za polisi wa akiba, zisioze ghalani kwa miaka zikisubiri kesi iliyoahirishwa mara kumi. Pale ambapo bunduki yenyewe ni lazima ionekane mbele ya hakimu, kijiji kipewe nyingine badala yake.

Tatu, kabla ya kuchomwa, kila bunduki isomwe na kuandikwa. Serikali iliteketeza silaha 5,250 Novemba 2016, na nyingine zaidi ya 5,000 Juni 2021. Ni hatua ya kupongezwa, kwani bunduki iliyo majivu haiui. Lakini bunduki iliyochomwa kabla ya kusomwa ni shahidi aliyezikwa kabla ya kuhojiwa. Wananchi wapewe hesabu: ngapi kati ya hizo zilikuwa zimetoka katika maghala yetu wenyewe?

Nne, utaratibu wa kuripoti bunduki iliyopotea, na wa kudai iliyopatikana, uandikwe kwa Kiswahili na kwa Kisomali, ubandikwe katika kila kituo na kila afisi ya chifu kutoka Garissa hadi Liboi. Sheria zilizo kwa Kiingereza cha mawakili hazimsaidii askari wa akiba anayeogopa kuripoti kwa kuwa hajui kama atasikilizwa au atafungwa. Mtu mwenye hofu hunyamaza, na bunduki aliyoinyamazia husafiri.

Walimu wenzangu, hili si somo la polisi peke yao. Mnapofundisha kauli za kitenzi, chukueni taarifa moja ya gazeti, muwaulize wanafunzi wenu: mtenda yuko wapi? Ni nani aliyefichwa na kiambishi hiki? Mwanafunzi anayezoea kuuliza hivyo darasani hatakuwa mtu mzima anayeridhika na picha ya bunduki mezani. Wala hatakuwa rahisi kumwita jirani yake gaidi kwa sababu ya jina la babu yake au kambi aliyozaliwa.

Bunduki ina nambari, na nambari hiyo yaweza kusomwa hata ikikwanguliwa. Serikali na izisome bunduki zake, iwarejeshee wenyewe zilizo zao, ituambie zilizotoka kwake zilitokaje. Ikifanya hivyo, itakuwa na sababu chache sana za kuwakusanya watu uwanjani na kuwauliza ukoo wao.